Vinundu vya begani vinavyouma wakati wa baridi: je, ngozi ina misuli?

Mwana wa Ujiji:
Habari za kutwa, ndugu zangu. Nina umri wa miaka 36 na ninafanya kazi ya dagaa mwaloni Kibirizi. Begani upande wa kushoto nina vinundu vigumu vya rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, vimekusanyika mahali pamoja, na kikubwa kati yao hakizidi punje ya mahindi. Mchana havinisumbui, lakini alfajiri za Juni na Julai, upepo wa ziwa unaponikuta nimelowa, huchoma kwa ukali hadi nalazimika kutua mzigo. Kwenye zahanati moja nilielezwa kuwa ni uvimbe wa mafuta, ila jirani yangu muuguzi anahisi ni uvimbe wa misuli laini. Je, ngozi ina misuli? Na je, jambo hili linahusiana na marehemu mama, aliyeondolewa kizazi kwa sababu ya fibroidi akiwa hajafika miaka 30?

Tabibu Mstaafu, Mwanga:
Pole sana, ndugu yetu. Ngozi ina misuli, tena mingi: kwenye shina la unywele hushikamana msuli mwembamba, na huo ndio unaosimamisha vinyweleo mtu anapopigwa na baridi au anaposhtuka. Uvimbe unaoota kwenye misuli hiyo huitwa leiomioma ya ngozi, nao si saratani. Iko aina nyingine itokanayo na kuta za mishipa ya damu, ambayo mara nyingi ni kinundu kimoja tu mguuni, na iko ya chuchu na sehemu za siri. Maelezo yako yanaelekea aina ya kwanza, kwani ndiyo inayokuja kwa makundi na kuuma kwa baridi au kwa kubanwa. Uvimbe wa mafuta kwa kawaida ni laini na huteleza chini ya kidole.

Hata hivyo, macho peke yake hayatoshi. Omba hospitali ya mkoa, Maweni, wakupe utaratibu wa kukatwa kipande kidogo kwa ganzi, kipimwe na mtaalamu wa patholojia, hata kama italazimu sampuli kusafirishwa hadi hospitali ya Bugando, Mwanza.

Habari ya mama ndiyo iliyonishtua kuliko vinundu vyenyewe. Ipo hali ya kurithi inayotokana na hitilafu ya jeni iitwayo FH, iliyotambuliwa mwaka 2002, ambayo huleta vinundu hivi, huwapa wanawake fibroidi wakiwa bado vijana, na kwa baadhi ya wenye hitilafu hiyo, wake kwa waume, huleta saratani ya figo yenye tabia ya kusambaa mapema. Fibroidi ni nyingi mno kwa wanawake wetu, kwa hiyo usihitimishe lolote kwa hilo peke yake. Lakini mweleze daktari habari hiyo hata asipokuuliza.

Mama wa Gungu:
Mimi nilikuwa na kimoja mguuni, kikatolewa, na hakijarudi. Nakusihi usikubali kuchanjwa chale juu yake, kama nilivyoshauriwa na wengi.

Mwana wa Ujiji:
Nashukuru. Je, vyangu navyo vikikatwa vitakwisha? Na watoto wangu je?

Tabibu Mstaafu, Mwanga:
Kimoja kama cha Mama wa Gungu huisha kwa kisu. Vinavyokuja kwa kundi huweza kuota tena kandokando ya kovu, ndiyo maana wengi hupewa dawa za kutuliza maumivu haya, kama nifedipini au gabapentini, chini ya uangalizi wa daktari. Kuhusu watoto, ikithibitika kuwa una hitilafu ya FH, kila mmoja ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Atakayekuwa nayo, nawe pia, figo zikaguliwe kila mwaka, na kipimo kinachopendekezwa ni MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa nguvu ya sumaku, kwa sababu altrasaundi huweza kuukosa uvimbe ulio mdogo.