Mtu anasema "sivitaki hivi", wao wanaandika "fanya tu"! Huu ni wizi wa mdomo wa mtu

Kipaza_Sauti (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Ile klipu imerudi. Tangu asubuhi inazunguka kwenye magrupu na watu wanaweka vikatuni vya kucheka hadi machozi. Kampuni mnaijua, sina haja ya kuitaja, alama yake hata mtoto wa chekechea anaichora ukutani kwa mkaa. Tangazo la televisheni la viatu vya kupandia milima, limepigwa Kenya, ndani yake Wasamburu. Kamera inamsogelea mmoja wao, anafungua mdomo, anasema kwa Kimaa, lugha ya Wamasai na Wasamburu:

*Mayieu kuna. Ijooki inamuk sapukin.*

Na chini yake wamebandika ile kaulimbiu yao ya Kiingereza ya maneno matatu, "Just do it." Yaani "Fanya tu."

FANYA TU! Mtu kasema sivitaki hivi, nipe viatu vikubwa! Ni sawa na bibi harusi aulizwe na shehe, akatae mara tatu mbele ya ukoo mzima, halafu karani aandike "amekubali, pakueni pilau".

Sikilizeni neno la kwanza tu, hata kama hujui Kimaa. *Ayieu* ni nataka. *Mayieu* ni sitaki. Hiyo *m-* ya mwanzo ndiyo inayokataa, na jamaa kaitamka wazi, hakumumunya. Tangazo zima la kuuza viatu, na mtu pekee aliyepewa nafasi ya kusema amesema havitaki! Halafu wanamwekea maneno ya kuvipigia debe!

Na wasije na kisingizio cha nafasi. "Sivitaki hivi. Nipe viatu vikubwa." Hesabu herufi, nafasi na nukta: 34. Mstari mmoja wa maandishi ya chini unabeba kama 42. Ingeingia yote na nafasi ya kupumulia ingebaki.

Walidhani hatakuwepo wa kuwashika. Akawashika Lee Cronk, mwanaanthropolojia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cincinnati, ambaye alifanya utafiti kwa Wamukogodo kule Laikipia na Kimaa anakisikia. Ilipoandikwa magazetini mwaka 1989, msemaji wa kampuni akakiri kwamba walifikiri Marekani hakuna mtu ambaye angejua alichosema.

Yaani kosa lao kwa maoni yao ni kwamba kumbe yupo anayeelewa. Nimemaliza. Sijamaliza. MAYIEU!

Soli_ya_Tairi

Punguza povu mkuu. 1989 hiyo. Hata viatu vyenyewe leo soli zake zimeshageuka unga wa sembe, wewe ndiyo unafika na bango.

Kipaza_Sauti

Wizi hauchachi ukawa mtindi. Klipu inachekwa leo, tusi ni la leo. Na wanaocheka wanamcheka yeye, "mzee wa viatu vikubwa", wakati yeye ndiye pekee pale aliyesema ukweli.

Mstari_wa_Chini

Naunga mkono hoja, na niongeze kwa wasiojua kazi hii inavyofanyika, kwa sababu watu wanadhani maandishi yanaota yenyewe chini ya skrini.

Kwanza mtu anayeijua lugha anaisikiliza sauti na kuandika neno kwa neno katika lugha ileile. Kimaa kwa Kimaa, tafsiri bado. Pili, kila sentensi inawekewa muda wa kuingia na wa kutoka. Tatu ndiyo tafsiri, inayobanwa iingie kwenye mistari isiyozidi miwili na ikae kwenye skrini angalau sekunde moja. Nne, hatua ambayo kila mwenye haraka anairuka: mtafsiri wa pili, ambaye hajaona chochote, anapewa maandishi yaliyokamilika na sauti, aseme kama vinalingana. Huyo ndiye breki. Ukimwondoa, gari linateremka lenyewe.

Sasa tazama ilivyokwenda hapa. Kaulimbiu ilikuwepo kabla ya kamera kufika, na chini ya skrini palikuwa na nafasi yake tayari. Alichosema mtu kikawa sauti ya kupamba, kama mlio wa ndege au kengele ya mbuzi. Hata angesoma orodha ya vitu vya dukani, ingeandikwa ileile.

Lugha yenye wasemaji wachache studioni ndiyo inayofanyiwa hivi kila mara. Kifaransa hawathubutu, barua zingefika kabla tangazo halijaisha.

Namba_45

Hakuna anayezungumzia kiatu? Jamaa kalalamikia kiatu! Amesema *sapukin*, vikubwa. Hilo ni lalamiko la kiufundi na lilistahili jibu la kiufundi.

Mguu uliokulia pekupeku au kwenye akala za tairi unatanuka mbele, vidole vinakaa na nafasi kati yake. Kiatu cha kiwandani kinajengwa juu ya kalibu, yaani umbo gumu la mfano wa mguu, na kalibu za kawaida za wanaume ni upana wa D. Kuna 2E na 4E kwa miguu mipana, ila hizo hazipangwi dirishani, ni za kuagiza. Ukimvisha mtu huyu D, kidole kidogo kinalala juu ya mwenzake, na akianza kuteremka mlima mguu unasogea mbele, kucha ya gumba inagonga ncha ya kiatu. Kilomita chache tu, damu imeganda chini ya kucha.

Dawa ya wengi ni kupanda namba. Kosa! Namba moja ya Ulaya ni milimita 6.67 za urefu, lakini upana unaongezeka kama milimita 2 tu. Kwa hiyo unapata kiatu kirefu kilekile chembamba, kisigino kinapwaya, na mahali kiatu kinapokunjika hapalingani tena na mahali mguu unapokunjika. Malengelenge hapo hayana mjadala.

Pima hivi: jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa shughuli za siku, umevaa soksi utakayoivaa na kiatu hicho. Simama juu ya karatasi, uzito wote kwenye mguu huo, kalamu isimame wima usiilaze ndani ya unyayo. Pima miguu yote miwili, nunua kwa ule mkubwa. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote iachwe nafasi ya upana wa gumba la mkono, na kidole kirefu si lazima kiwe gumba la mguu.

Soli_ya_Tairi

Kwa hiyo alitaka upana, si ukubwa. Basi hata yeye kaagiza vibaya.

Kipaza_Sauti

Acha hizo! Mtu anabanwa, kasema nipe vikubwa, ulitaka aseme "naomba 4E"? Turudi kwenye mada. Mdomo unasema *mayieu*, maandishi yanasema fanya tu. HAPO.

Kijiti_cha_Nne

Mleta mada una uchungu, lakini hiyo yako ni shubiri ya kulamba. Kuna ya kunywa kikombe kizima. Tarehe 31 Januari 1999, fainali ya mpira wao wa Kimarekani, Super Bowl, Marekani nzima iko mbele ya televisheni. Duka kubwa la viatu vya michezo la kule Alabama likaonyesha tangazo lao. Mkimbiaji wa Kenya anakimbia zake pekupeku. Wazungu kwenye gari la kijeshi wanafuata nyayo zake kama wanawinda swala. Wanampa kikombe cha maji kimetiwa dawa, anaanguka. Akiwa amezirai wanamvisha viatu! Anaamka, anaviona miguuni, anapiga kelele "hapana!", anakimbia huku anarusha miguu vimtoke.

Na hilo lilikusudiwa kuchekesha. Wako angalau alikuwa macho anakataa kwa mdomo wake. Huyu walimlaza kwanza ili asikatae!

Kisigino_Kikavu

Hilo ndilo lililowapeleka mahakamani. Duka likaishitaki kampuni ya matangazo iliyolitengeneza, likidai zaidi ya dola milioni 10. Mwaka huohuo duka likafilisika. Tangazo likawaua, haki ikatendeka.

Mstari_wa_Chini

Hapana, usichanganye. Kufilisika ni kweli, Novemba 1999, lakini kilichowaangusha ni hesabu za kupikwa, wakubwa wao wakaja kukiri makosa mahakamani. Natamani lingekuwa tangazo, ila halikuwa tangazo.

Kijiti_cha_Nne

Sawa, hesabu. Bado kinachonichoma ni ile pekupeku. Abebe Bikila ndiye aliyeshinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu, ni Mwethiopia, na Tokyo 1964 akashinda tena akiwa na viatu. Wao 1999 bado wanamchora Mkenya asiyejua raba ni nini! Mkimbiaji wa Iten kule Kenya anaijua raba kuliko aliyeichora. Anakupangia moja ya mbio ndefu za polepole, nyingine ya kasi, na ile ya siku ya mashindano haivai mazoezini hovyo. Anajua hata unene wa soli unaoruhusiwa, milimita 40 kwa mbio za barabarani. Umvizie na dawa ya usingizi umvishe? Mwachie viatu mlangoni, yeye ndiye atakuambia sponji yake imekufa upande gani.

Namba_45

Na kisigino kikipwaya, kabla hujakitupa kiatu, pitisha kamba kwenye tundu la mwisho la juu upande uleule ili ufanye kitanzi kila upande, vusha kamba ya kushoto kwenye kitanzi cha kulia na ya kulia kwenye cha kushoto, vuta kuelekea chini kisha funga. Kisigino kinatulia. Yale matundu mawili ya ziada huko juu hayakuwekwa kama urembo.

Msasa_Laini

Jamani kule juu mtu kataja soli kugeuka unga na mmepita kama hamjaona. Hilo ndilo tusi kubwa kuliko matangazo yote mawili. Mtu ananunua kiatu cha mlima cha mtumba, kinang'aa, ngozi nzima, hakijakanyaga hata kokoto. Siku ya tatu soli inamomonyoka kama keki kavu, anaokota vipande njiani!

Sababu ni ile sponji ya kati. Ikiwa ni ya poliyurethini, aina ya plastiki, unyevu wa hewa unaivunja polepole kutoka ndani, na joto linaharakisha. Miaka 5 hadi 10 inatosha hata kama kiatu kimelala boksini. Weka safari ya kontena, weka na hewa ya Dar, Tanga au Mombasa, hesabu yenyewe. Sponji ya EVA, plastiki ya aina nyingine, haifi hivyo, yenyewe inasinyaa na kuwa ngumu lakini haimeguki.

Kabla ya kulipa: bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha. Ukucha ukiacha shimo lisilorudi, au pakitoka ungaunga wa kunata, rudisha. Kunja kiatu palepale kinapokunjika ukitembea, angalia mipasuko midogo juu ya mstari wa gundi. Kisha inua ulimi wa kiatu, kuna kilebo cha ndani, mara nyingi kina tarehe ya kutengenezwa.

Soli_ya_Tairi

Ndiyo maana katambuga ni mfalme. Tairi haina sponji.

Kisigino_Kikavu

Kama sponji ni nzima ila soli imebanduka tu, supagluu inafaa?

Msasa_Laini

Mwiko! Supagluu ikikauka inakuwa kama kioo, na soli inakunjika kila hatua, kwa hiyo inapasukia palepale kwenye mkunjo. Na ikishaingia, gundi ya kawaida haishiki tena juu yake, fundi anaanza kukwangua upya.

Inatakiwa gundi ya viatu, ile ya kopo ya kahawia. Kwangua gundi ya zamani yote, piga msasa pande zote mbili hadi zikwaruzike, kisha FUTA VUMBI kwa kitambaa chenye asetoni au thina. Hapo kwenye vumbi ndipo wengi wanapoharibu, gundi inashika vumbi badala ya kiatu, wiki mbili imefunguka. Paka tabaka jembamba pande zote mbili, acha dakika 10 hadi 15. Gusa kwa kidole, isikuvute. Ikikuvuta bado ni mbichi, na ukibandika mbichi kimiminika kinabaki ndani, soli inateleza. Pasha moto kidogo, bandika kuanzia katikati ukienda pembeni, bana, usivae hadi kesho yake muda kama huo.

Kipaza_Sauti

Wakuu huu ni uzi wa mtu aliyewekewa maneno mdomoni! *Mayieu kuna!* Kuna mtu anakumbuka?

Namba_45

Tunakumbuka mkuu. Msasa_Laini, kwa kiatu cha kubeba mzigo mlimani gundi peke yake inatosha au kishonwe?

Msasa_Laini

Kishonwe, kama soli ina ukingo wa kupitisha sindano. Gundi kwanza, ikauke, ndipo kushona kuzunguka. Na fundi achimbe mfereji mdogo ili mshono ulale ndani, ukibaki juu unasagwa na mawe siku ya kwanza.

Kisigino_Kikavu

Uzi gani?

Msasa_Laini

Nailoni uliopakwa nta. Wa pamba ukilowa mara mbili tatu unaoza.