Tundu la moyo, kipandauso na macho yasiyovumilia mwanga: vina uhusiano gani?

MwalimuZ: Habari zenu. Mimi ni mwalimu wa sekondari mwenye umri wa miaka 38, na kipandauso kimenisumbua tangu nilipovunja ungo. Kwanza huona mstari wa vimulimuli ukijipinda upande wa kushoto kwa dakika kama ishirini, kisha kichwa huanza kugonga, na hapo hata mwanga unaopenya chini ya mlango huniumiza hadi naziba ule upenyo kwa kanga. Mwezi uliopita nilipimwa moyo kwa sababu nyingine, nikaambiwa nina tundu dogo kati ya vyumba viwili vya juu. Daktari alisema halina neno, lakini shemeji yangu anashikilia kwamba likizibwa kipandauso kitakwisha na macho yatatulia. Je, kuna ukweli?

Muuguzi wa Eko: Pole, Mwalimu. Tundu hilo sote tulikuwa nalo tumboni mwa mama, kwa kuwa mtoto hapumui kwa mapafu yake na damu hupita njia ya mkato kutoka kulia kwenda kushoto. Baada ya kuzaliwa kijimlango chake hujifunga, ila kwa takriban mtu mmoja kati ya wanne hakishikani kabisa. Miongoni mwa wenye kipandauso cha vimulimuli, kama wewe, wenye tundu hukaribia nusu, kwa hiyo uhusiano upo. Inadhaniwa kwamba vijidonge vidogo vya damu iliyoganda na kemikali ambazo mapafu yangezichuja hupenya hapo na kufika kwenye ubongo, na kwamba ubongo mwepesi kushtuka huanzisha wimbi la umeme linalotambaa juu yake polepole, ambalo mgonjwa huliona kama vimulimuli. Tunapopima kwa eko, yaani mashine inayoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti, tunatikisa maji ya chumvi na hewa kidogo mpaka yajae viputo, tunayachoma kwenye mshipa wa mkono, kisha tunamwomba mgonjwa ajikamue na kuachia. Viputo vikitokea upande wa kushoto wa moyo ndani ya mapigo matatu, viking'aa kama vumbi kwenye mwale wa jua, tunajua pana njia.

Mzamiaji Mstaafu: Matumaini ya shemeji yako yalianzia kwetu wazamiaji. Daktari Peter Wilmshurst wa Uingereza na wenzake walifuatilia watu waliozibwa matundu, wengi wao wazamiaji waliougua kwa viputo vya gesi baada ya kuibuka, na mwaka 2000 wakaripoti kwamba kipandauso cha baadhi yao kilipungua au kutoweka. Ikafuata MIST, jaribio la wagonjwa 147, ambapo nusu walizibwa kweli na nusu wakafanyiwa upasuaji wa kuigiza tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: waliopona kabisa walikuwa watatu kila upande! (Wilmshurst, aliyekuwa mmoja wa watafiti, alitilia shaka namna matokeo yalivyoelezwa, akashtakiwa na watengenezaji wa kifaa, kesi ilikufa mwaka 2011 kampuni ilipofilisika.) Majaribio mengine mawili makubwa, PRIMA na PREMIUM, nayo hayakufikia lengo lake kuu, ingawa katika PREMIUM wachache waliacha kuumwa kabisa. Kuziba kuna faida iliyothibitishwa kwa mtu asiyezidi miaka 60 aliyepata kiharusi kisichoelezeka kwa sababu nyingine. Wewe hukupata kiharusi, na mimi nisingekubali waya upitishwe kwenye paja langu hadi moyoni kwa ajili ya kichwa pekee.

Fundi Miwani: Nami niongeze la macho, maana tundu halihusiki moja kwa moja. Mwaka 2010 Rodrigo Noseda na Rami Burstein wa Boston waliwachunguza vipofu wenye kipandauso. Waliopoteza macho yenyewe au mishipa yake hawakuumizwa na mwanga, lakini wale wasioona sura ya kitu huku wakihisi mwanga waliumizwa sana. Ndani ya jicho kuna chembe ambazo kazi yake kuu si kuona, bali kupima mwanga, hasa wa buluu, na taarifa zake hufika kwenye kituo kilekile cha ubongo kinachopokea maumivu kutoka utando unaoufunika. Ndiyo maana mwanga hukoleza maumivu. Usivae miwani meusi ndani ya nyumba kutwa nzima: macho yatazoea giza, na ukitoka nje utateseka zaidi.

Muuguzi wa Eko: Swali moja, dada. Unatumia vidonge vya uzazi wa mpango? Vile vyenye homoni ya estrojeni havifai kwa mwenye vimulimuli, kwa sababu huongeza hatari ya kiharusi, awe na tundu au asiwe nalo.

MwalimuZ: Navitumia kwa mwaka wa tatu sasa, na hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu vimulimuli, wala mimi sikuvitaja. Kesho asubuhi naenda kliniki na pakiti yake mkononi.