Mrejesho: mafuta ya breki ya pikipiki

Jamani, asanteni sana. Niliuliza kama naweza kuweka DOT 5 (DOT ni daraja la mafuta ya breki) kwenye pikipiki inayotaka DOT 4, maana breki ya mbele ilikuwa inazama nikiteremka Mai Mahiu. Mlinikataza, na mliniokoa: DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na DOT 4. DOT 5.1 ndiyo ingekubali (majina haya yanapotosha watu vibaya!). Nilinunua DOT 4 Kirinyaga Road, chupa haijafunguliwa. Ya zamani ilitoka nyeusi kama kahawa. Fundi akasema imenyonya maji. Ikifika hapo, kiwango cha kuchemka huweza kushuka kutoka nyuzi 230 hadi 155, mafuta yanachemka na kutoa mapovu, ndiyo maana breki inazama. Akaweka mapya na kutoa hewa yote kwenye mrija wa breki. Jana nimeteremka tena palepale, breki imeshika vizuri hadi chini.