Msaada: "place" linakubali wapi, na wapi linakataa?

Mwanagenzi_wa_Lugha
Habari wakuu. Kamusi inasema place ni mahali, tena ni nafasi. Mbona basi likijaa nikisema "there is no place" nasahihishwa, ila "she got a place at university" ni sawa? Na take place ni sawa na happen?

Kalamu Nyekundu
Kinachokuchanganya si place, ni "nafasi" yetu. Jiulize: nafasi hiyo inahesabika na ina mwenyewe? Kiti mezani, zamu kwenye foleni, udahili chuoni, mshindi wa pili: zote place. "I lost my place in the queue." Ikiwa ni uwazi tu wa kukaa mtu au kuweka mzigo, sema room au space: "There is no room on the bus." Room hiyo haibebi a mbele wala s nyuma, ukisema "there are no rooms" utaeleweka kuwa gesti imejaa. "Leo sina nafasi" ni time, nafasi ya kujitetea ni chance.

Mama Sarufi
Take place inapenda shughuli iliyopangwa: harusi, mtihani, mkutano. Ajali kwa kawaida ni happen, ingawa taarifa rasmi huandika pia took place, na si kosa. Kosa lenyewe ni "the meeting was taken place". Linatokana na "ulifanyika", watu wanadhani lazima was iwepo. Sema "the meeting took place". Basi.

Kalamu Nyekundu
Hapo kweli, hilo limejaa hadi kwenye mihtasari ya vikao. Jingine: "the place where we met there". Kwetu "mahali tulipokutana pale" inapita, kwao where imeshamaliza kazi, futa there.

Mwanagenzi_wa_Lugha
Asanteni. Na "karibu kwangu"?

Mama Sarufi
"Come to my place", hata kama ni chumba kimoja cha kupanga. Ukiwa umeshafika: "at my place". Angalia in place: peke yake ni kitu kimeshawekwa au kiko tayari, ukiongeza of inakuwa "badala ya".

Fundi Maneno
Kwenye kadi ya mwaliko usiandike Place, andika Venue. Panapojengwa ni site, mafundi wetu wanaiita saiti siku zote.