Jero (sarafu ya shilingi 500) imemegwa ukingoni, imefanywa nini hii?

MamaDagaa_Kibirizi
Habari zenu wadau. Nauza dagaa hapa mwaloni Kibirizi, Kigoma. Kwenye chenji nimekuta sarafu ya jero imemegwa ukingoni. Si ya kukatwa kwa msumeno: ukipapasa unakuta vishanga vya chuma vimeganda kama nta ya mshumaa, na pembeni yake pana rangi ya bluu na zambarau. Upande wa nyati pameng'ang'ania kitu cha kijivu. Konda kaikataa, eti feki. Aliyenipa ni mteja wangu wa siku zote, sitaki kumdhania vibaya.

Mnyamwezi_wa_Reli
Imekanyagwa na treni hiyo. Sisi Tabora utotoni tulikuwa tunazitega relini.

MamaDagaa_Kibirizi
Hapana kaka. Ya treni inakuwa bapa, picha inafutika. Hii Mzee Karume yupo, na 2014 inasomeka.

Kijana_Mwanga
Maji ya betri. Yanakula chuma balaa.

FundiBetri_Ujiji
Betri ndiyo, maji siyo. Asidi ingechimba vishimo sarafu nzima na kuleta kutu, haiachi vishanga. Hapo chuma kimeyeyuka, na hizo rangi ni za moto. Jero ni chuma kilichopakwa nikeli, jiko la mkaa haliwezi kuiyeyusha, ila cheche ya betri inaweza.

Dada, wavuvi wengi sasa taa zao ni za betri. Klempu, yaani kibanio cha waya kwenye kichwa cha betri, ikilegea mtu anachomeka sarafu ili ikaze. Mtumbwi ukiyumba, sarafu inagusa, inaachia, inagusa, na kila ikiachia inapiga cheche. Betri za hivyo naletewa sana wakati wa mbalamwezi, wakiwa hawaendi ziwani.

Kwaruza hicho cha kijivu kwa msumari. Kikikwaruzika kirahisi na ndani kinang'aa, ni madini ya risasi ya kichwa cha betri. Kisha tafuta sumaku ya spika mbovu, jero halali lazima inase.

MamaDagaa_Kibirizi
Imekwaruzika, inang'aa. Sumaku imenasa. Na huyo mteja ana mtumbwi wa taa!

FundiBetri_Ujiji
Basi ndiye. Nawa mikono kwa sabuni kabla hujashika dagaa, risasi ni sumu. Na mwambie anunue klempu. Betri ikichajiwa inatoa gesi, cheche ikiikuta inalipuka na kumrushia asidi usoni.

Mnyamwezi_wa_Reli
Mimi bado nasema treni 😂