Tupeane uzoefu: kazi ya mazingira iliyobaki hai kwenu baada ya wageni kuondoka

Mwana Kishapu (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam. Kila mvua zikianza tunaona picha zilezile: mche unachomekwa ardhini, makofi yanapigwa, magari yanaondoka. Mwaka unaofuata mashimo yaleyale yanachimbwa upya. Siku hiyo tuiache. Nataka tusikie yaliyofuata: nani alimwagilia, nani alizuia mbuzi, nani alitozwa faini, na kama miti au maji au samaki bado wapo, nani anafaidi. Tangu Profesa Wangari Maathai aanzishe Green Belt Movement, shirika la kupanda miti la Kenya, mwaka 1977, akina mama walilipwa fedha kidogo kwa mche uliopona. Uliopandwa ukafa haukulipiwa. Naomba uzi huu ufuate kipimo hicho.

Naanza na kwetu, Kishapu mkoani Shinyanga. Wazee wanasimulia kuwa misitu yetu haikuisha yenyewe. Enzi za mkoloni ilifyekwa kwa amri ili kuua mbung'o, kisha pamba ikatwaa ardhi, na watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970 waliziacha ngitili zao zikaliwa na kila mwenye ng'ombe. Kwa wasio Wasukuma: ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zikianza, nyasi zikasimama mpaka kiangazi, ndipo yanafunguliwa kidogo kidogo kwa ndama, ng'ombe wa maziwa na wale wa kulimia.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni nguvu iliwekwa kwenye vitalu na miche ya kigeni. Mambo yaligeuka pale wataalamu walipokaa na wazee na kukubali kuwa dawa ilikuwepo tayari: fungeni ngitili, migunga itaota yenyewe. Na iliota. Ngitili zilizojulikana mwanzoni zilikuwa kama hekta 600 tu; kufikia miaka ya 2000 zilikuwa zimevuka hekta 300,000 mkoani, nyingine za familia, nyingine za kijiji. Akina mama wakapata kuni karibu, nyasi za kuezekea zikarudi, na asali, na uyoga.

Nani alilinda? Sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa kijiji, na dagashida, baraza la kimila la Wasukuma. Ukiingiza mifugo kwenye ngitili iliyofungwa unaitwa mbele ya wananchi wenzako, unatozwa faini ya kimila. Unaweza kujificha kwa bwana misitu anayekuja mara moja kwa mwezi. Kwa jirani yako utajificha wapi?

HASHI ilifungwa mwaka 2004 na ngitili bado zipo, ila nisiwapambie. Ya ukoo wetu imepungua kwa sababu ndugu wamegawana urithi, na kila aliyepata kipande ana haki ya kukilima. Hilo sijaona likipatiwa jibu popote. Karibuni.

Mpwani wa Gazi

Shukran kwa uzi huu. Mimi ni wa Gazi, kaunti ya Kwale. Mikoko ya ghuba yetu ilikatwa vibaya miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Sehemu nyingine hakikubaki kitu, ni mchanga na jua. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, ambao wana kituo papa hapa kijijini, walianza kupanda upya na wanakijiji miaka ya 1990.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba kila mti wa mikoko una mahali pake. Mlilana unasimama mbele, mawimbi yanapopiga. Mkoko wenyewe unafuata nyuma kwenye tope, halafu msinzi na mkandaa, na mchu unaweza kuukuta mbele na hata nyuma kabisa kwenye chumvi kali. Nimeona vikundi sehemu nyingine za pwani vikichomeka mbegu za mkoko ufukweni kwa sababu ni ndefu na rahisi kuokota, wakazipanga mstari mzuri, kusi ikaja ikazing'oa zote. Wafadhili wanahesabu mbegu zilizochomekwa. Bahari haijali hesabu hiyo.

Mwaka 2013 tukaanza kuuza hewa ukaa, yaani wanunuzi wanalipia vyeti vya hewa ukaa ambayo mikoko yetu inaifyonza na kuihifadhi, kupitia Mikoko Pamoja, mradi wa kwanza duniani wa aina hiyo kwa mikoko. Ni hekta 117, kiasi cha tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Pesa zinaingia mfuko wa jamii wa Gazi na Makongeni, na matumizi yanaamuliwa barazani, watu wakibishana mpaka jua linazama. Zimeleta maji ya mfereji na vitabu na ukarabati wa shule. Mzee ambaye mjukuu wake anachota maji mferejini kwa pesa ya mikoko hahitaji semina ya kuelezwa kwa nini asikate.

Lakini boriti na kuni watu watatoa wapi? Swali hilo liliulizwa mapema, ndiyo maana ikapandwa mivinje nchi kavu. Bila mvinje, mlinzi wa mikoko angekuwa anapigana na jirani yake anayejenga nyumba. Akina mama nao wana daraja la mbao la kutembeza wageni ndani ya mikoko, na wanapikia wageni. Ukitaka kujua kama mradi ni wa wenyeji, tazama kama akina mama wana funguo za sanduku.

Mdau asiyeridhika

Mniwie radhi. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa chafu ya dunia. Kwa nini mama wa Kwale achunge msitu ili kampuni ya Ulaya inunue cheti na kuendelea kutoa moshi? Naona tunabebeshwa mzigo wa wengine kwa bei ya kutupa.

Mpwani wa Gazi

Ni swali la haki, na bei ya tani kweli ni ndogo ukilinganisha na kazi. Wanaochafua wanapaswa kupunguza kwao. Cheti chetu kisiwe ruhusa. Ila sisi mikoko tungeihitaji hata asingekuja mnunuzi. Kaa wanaishi humo, samaki wadogo wanakulia humo, na mawimbi yanavunjikia humo kabla ya kufika kwenye nyumba. Mnunuzi akiondoka kesho, kaa atabaki.

Bi Mwamba, Pemba

Asalaam aleikum. Mie natoka kusini mwa Pemba, kazi yangu kuchokoa pweza bamvua ikifika, maji yanapotoka mbali. Kwetu watu walianza kulalamika pweza wamekuwa wadogo na wa taabu. Ilivyokuwa, kila mtu akimwona anamtoa, hata awe mdogo kiganjani, kwani usipomtoa wewe atatolewa na mwenzio nyuma yako.

Kamati ya wavuvi ya shehia ikaleta shauri la kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu. Palikuwa na zogo kubwa! Wanawake ndio tuliokataa mwanzo, na tulikuwa na sababu. Wanaume wanazamia, wana vyombo, mwamba ukifungwa hapa wanakwenda kule. Sie tunakwenda kwa miguu; ukinifungia mwamba wa karibu umenifungia mkoba. Tukasema: mnafunga, basi sehemu nyengine ya karibu ibaki wazi kwa wanawake. Wakakubali, ndipo na sie tukakubali.

Sababu ya miezi mitatu ni kuwa pweza anakua kwa kasi mno. Na jike hutaga mara moja tu maishani, akakaa tunduni kulinda mayai bila ya kula, yakishaanguliwa anakufa. Ukimtoa kabla ya hapo umetoa na watoto wake wote. Siku ya kufungua wanunuzi wanakuja na mizani, na nimeona pweza ambao nilikuwa nikisimuliwa na bibi yangu.

Taabu ni wavuvi wa dago wanaotoka mbali. Wao hawakukaa kwenye kikao chetu, usiku wanaingia na taa. Doria inataka mafuta ya mashine na mtu wa kukesha, na hapo ndipo hela ya mradi ilipokuwa ikisaidia. Sasa tunakata kiasi kidogo kwenye mauzo ya siku ya kufungua kwa ajili ya doria. Wengine wananung'unika, lakini wanatoa.

Na niseme jengine. Mwamba tunaweza kuufunga, bahari hatuwezi. Mabonde ya mpunga huku Pemba yanaingiliwa na maji ya chumvi. Watu wamejenga matuta kwa mikono na kwa mawe, mengine yanabomoka. Kwa hilo tunahitaji serikali na pesa kubwa. Tusiambiwe ni kazi ya wanakijiji peke yao.

Mdau wa Bonde la Msimbazi

Mimi wa Dar sina msitu, nina mtaro. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 tulipata nafuu ya kweli, mitaro ilianza kupitisha maji. Chupa ndizo zimebaki. Vijana wa mtaa wetu wanaziokota na kuuza kwa kilo, na ndiyo sababu mtaro wetu uko wazi kuliko wa mtaa wa pili. Bei ikishuka hawaokoti, na mvua kubwa ikinyesha tunaingia ndani na ndoo. Tulichofanya ni kila nyumba kuchangia kidogo wakati bei iko chini. Nyumba za wapangaji zinatusumbua, mwenye nyumba anakaa mbali na maji hayamfiki.

Mkulima wa Makueni

Hamjambo wote. Sisi Ukambani tuna mwethya, kikundi cha majirani wanaofanya kazi shamba kwa shamba: leo kwako, wiki ijayo kwangu. Ndiyo iliyochimba matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo wa mtaro unatupwa upande wa juu, kwenye miteremko mingi ya Machakos na Makueni, na ndiyo iliyojenga bwawa letu la mchanga.

Kwa asiyelijua: unajenga ukuta wa mawe na simiti kukatiza mto wa msimu, mahali ambapo mwamba uko karibu ili maji yasipite chini. Mvua ikija, mto unaleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, pengine kwa misimu kadhaa. Maji yanakaa ndani ya mchanga. Jua haliyanyonyi sana, mbu hawazaliani, mifugo haiyachafui. Kiangazi kikikaza unachimba kisima kifupi au unavuta kwa pampu ya mkono. Visima vya kandokando navyo vinapanda.

Kikundi chetu kilikataliwa kuanza ukuta mpaka kila mwanachama awe na matuta shambani mwake. Tuliona ni usumbufu. Kumbe bila matuta mto ungeleta tope badala ya mchanga, na tope halitoi maji kama mchanga. Kuna bwawa la jirani lililojengwa na mkandarasi kwa haraka, halina matuta juu yake. Limejaa tope, halisaidii mtu.

Adui mkubwa ni malori ya mchanga. Ukitoa mchanga umetoa maji. Kaunti ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015 na imesaidia, lakini sheria haikai mtoni usiku. Wanaokaa ni sisi, na kuna watu wameumizwa kwa ajili hiyo. Napenda hilo lijulikane pia, maana kwenye picha za miradi halionekani.

Mkulima wa Kongwa

Dodoma tuna Kisiki Hai. Mti ukikatwa mizizi mingi haifi, inachipua kila mvua na mbuzi wanakula kila kiangazi. Unachagua kisiki, unaacha machipukizi machache yaliyonyooka, mengine unayakata, unafunga kitambaa chenye rangi, unatunza. Hununui mche wala humwagilii, maana mzizi wake uko chini tayari. Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, aliieneza Niger miaka ya 1980, na hapa kwetu shirika la LEAD Foundation wamezunguka vijiji vingi.

Kitambaa ndicho muhimu. Wagogo tukishavuna, shamba ni la mifugo ya kila mtu, mabua hayana mwenyewe. Kitambaa kinamwambia mchungaji kuwa mti huu, mkungugu huu, una mtu. Lakini lazima kijiji kizima kiwe kimekubaliana kwenye mkutano, la sivyo kinabaki kitambaa tu.

Mrangi wa Kondoa

Kwetu ilikuwa kinyume. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwa amri kwenye eneo lililomomonyoka. Majani yalirudi, makorongo yakatulia, hilo hakuna anayelipinga. Lakini wazazi wetu walipoteza ng'ombe wao, na muda mrefu watu waliiona ile miti kuwa ya serikali. Ng'ombe wa kufugwa zizini waliporuhusiwa baadaye ndipo watu walianza kupanda majani ya malisho kwa moyo. Nikisoma ya Kishapu na Kongwa naona tungeweza kufika palepale bila machozi yale.

Kijana wa Handeni

Msitu wa kijiji chetu unaisha kwa mkaa, wakataji wengi si wa kwetu. Tunaanzia wapi? Mwenyekiti anasema hana mamlaka.

Bwana misitu mstaafu

Anayo, kijana wangu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi kwenye ardhi ya kijiji, na mapato ya mazao yake yanabaki kijijini. Hatua zenyewe ni hizi. Suala lipelekwe mkutano mkuu wa kijiji, si kwa halmashauri ya kijiji peke yake. Mchague kamati ya maliasili yenye wanawake wa kutosha, kwani ndio wanaojua nani anapita njia ipi. Mpime mipaka pamoja na vijiji jirani. Mkiruka hapo kesi haitaisha. Kisha mpango wa usimamizi na sheria ndogo, ambazo zinapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Bila idhini hiyo faini zenu hazina nguvu mahakamani.

Msiseme mkaa hapana kabisa, mtashindwa. Kuna vijiji vya Kilosa vilivyogawa sehemu ya msitu katika vitalu vya mita 50 kwa 50, wakavuna kimoja na kuruka cha jirani, kwa mzunguko wa miaka 24. Visiki vinachipua vyenyewe, kama alivyoeleza mwenzetu wa Kongwa. Ushuru unaingia kijijini, na umejenga madarasa na kulipa doria. Wakataji wa nje wakikuta kijiji kina kitalu, risiti na watu wa doria wanaolipwa, wanahama.

Mwulize mwenyekiti kama mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji umeshafanyika. Kama bado, anzeni hapo, na uandike hapa mkikwama.