Mjadala: Uongo ukifanywa kosa la jinai, Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya inabaki na nini?

MTOA MADA: Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010, inayolinda uhuru wa kujieleza, inataja yenyewe maneno isiyoyalinda: propaganda za vita, uchochezi wa fujo, matamshi ya chuki na uenezaji wa chuki. Uongo haumo. Kwa nini basi Bunge liuongeze?

Tazameni mfuatano. Aprili 2016 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichoadhibu ujumbe wa kuudhi au wa uongo, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana hata mtu asijue ni lini amevuka mpaka. Februari 2017 ikaiondoa kashfa ya jinai, kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, iliyokuwa na kifungo cha hadi miaka 2. Mwaka 2018 ikapitishwa sheria ya uhalifu wa mtandaoni, na kifungu chake cha 23 kikagusa tena habari za uongo zinazoweza kumvunjia mtu sifa. Safari hii iliwekwa faini ya hadi shilingi milioni 5, au jela hadi miaka 10, au vyote viwili. Kosa lililofukuzwa lilirudi na kifungo mara tano!

JIBU: Umeiruka Ibara ya 33(3), inayotutaka tuheshimu haki na sifa za wengine. Kesi ya madai ya kashfa, yaani ya kudai fidia, lazima ifunguliwe ndani ya miezi 12. Aliyekuzushia akijificha nyuma ya jina bandia, utamshtaki nani? Polisi ndio wenye uwezo wa kumtafuta. Na Februari 2020 Mahakama Kuu yenyewe iliona sheria hiyo ya 2018 ni halali.

MTOA MADA: Hoja ya jina bandia ni nzito, naikubali. Lakini dawa yake ni amri ya mahakama ya kufichua mwenye akaunti, kisha fidia. Jela ya nini?

MCHANGIAJI WA TATU: Mnabishania hukumu, ilhali madhara hutokea kabla ya hukumu. Ibara ya 49 inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, ila muda huo ukiishia siku isiyo ya korti, husogea hadi siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana mwandishi hukamatwa Ijumaa jioni: analala ndani hadi Jumatatu, simu na kompyuta zikiwa mikononi mwa polisi pamoja na majina ya waliompa habari. Hata mashtaka yasipofunguliwa, chanzo chake kimeshanyamaza.

Kwa hiyo msingoje kesi. Ibara ya 22 inaruhusu mtu yeyote kufungua ombi mahakamani kwa niaba ya asiyeweza, bila ada ya kufungua. Ombeni amri ya muda chini ya Ibara ya 23, na katika ombi mtaje vifaa hivyo waziwazi, visifunguliwe. Mawakili wengi huomba dhamana tu, vifaa vikasahauliwa. Kisha tumieni Ibara ya 24(3): anayetetea kizuizi cha haki ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba kinafaa, si yule aliyeandika.